Massey 135 inavuma haiendi, rivasi inakwaruza, gia inachomoka: je, giaboksi imekufa?

Swali: "Shikamoo mzee. Niko Karatu. Marehemu baba ametuachia Massey Ferguson 135 yenye gia sita za mbele. Alipokuwa anaugua, ilikaa nje masika yote bila kuwashwa. Tulipoiwasha tena, rivasi ikawa inakwaruza vibaya, na gia ya kwanza hivyo hivyo. Fundi akakaza klachi, kukwaruza kukapungua kidogo. Baada ya siku chache za kulima na plau ya diski, injini inavuma lakini trekta inapunguza mwendo, na kuna harufu ya kuungua. Plau inanyanyuka vizuri tu. Halafu nikishuka Rhotia na tela la mahindi, gia inachomoka yenyewe. Hiyo ni ya siku nyingi. Baba alikuwa akiufunga ule mkono mfupi wa gia kwa mpira wa tyubu. Fundi anasema giaboksi imekufa, tutafute nyingine ya mtumba. Nifanyeje?"

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa msiba.

Giaboksi usinunue. Angalau usinunue kabla hujafanya majaribio nitakayokueleza, na karibu yote yanafanyika trekta ikiwa nzima, kwa spana chache na kipande cha mbao. Giaboksi ya mtumba ni mzigo wa chuma usiojua historia yake. Unaweza kuifunga kwa gharama kubwa ukakuta nayo inachomoa gia, na ile harufu ya kuungua ikabaki palepale, kwa sababu harufu hiyo haitoki kwenye giaboksi hata kidogo.

Umenieleza magonjwa matatu. Fundi wako ameyaweka kwenye fungu moja kwa kuwa yote yanasikika chini ya miguu ya dereva. Kukwaruza kulianza baada ya masika. Kuvuma bila kwenda kulianza baada ya klachi kukazwa. Kuchomoka kwa gia kulikuwapo tangu enzi za mzee. Ungeniandikia dalili bila kufuatanisha hivyo, ningekisia tu. Mfuatano wako ndio ulioniongoza.

Tuanze na jinsi klachi ya trekta hii ilivyo. Massey 135 ilianza kutoka kiwandani Coventry, Uingereza, mwishoni mwa 1964, na nyingi zilizofika kwetu zina klachi mbili ndani ya nyumba moja. Diski kubwa inapeleka nguvu kwenye giaboksi na magurudumu. Diski ndogo inazungusha shafti ya PTO, ile ya nyuma inayoendesha mashine zinazofungwa kwenye trekta, na pampu ya haidroliki nayo inaendeshwa kutoka upande huo wa PTO. Pedali ni moja. Ukiikanyaga hadi nusu, diski kubwa inaachia, trekta inasimama lakini PTO na pampu vinaendelea. Ukiikanyaga mpaka chini, diski ndogo nayo inaachia, kila kitu kinasimama. Zipo 135 zenye klachi moja pia, kwa hiyo hakikisha ya kwako ni ipi: nyanyua plau polepole, na ikiwa bado inapanda kanyaga klachi. Plau ikiendelea kupanda pedali ikiwa nusu, kisha ikasimama pedali ikifika chini, una klachi mbili.

Umesema plau inanyanyuka vizuri. Kama ni klachi mbili, basi diski ndogo na pampu ni wazima, na ugonjwa uko kwenye diski kubwa peke yake au kwenye kinachoibana na kuiachia. Mafundi wengi hawaliulizi jambo hili, na lingewaokolea saa nyingi.

Sasa kuvuma bila kwenda. Klachi inateleza kwa sababu chache tu: haina plei, diski imeisha, diski imelowa oili, au springi za presha pleti, lile bamba linaloibana diski, zimechoka kwa joto. Plei ni ule mwendo mtupu wa pedali kabla haijaanza kuwa nzito. Ukiuondoa wote, beringi ya rilizi, ile inayosukumwa na pedali ili klachi iachie, inabaki imeegemea vidole vya presha pleti muda wote, kana kwamba dereva amesahau mguu juu ya pedali kutoka asubuhi hadi jioni. Diski inabanwa nusu, plau inapogusa udongo mgumu inateleza, inapata joto, ufito wake, yaani lainingi ya msuguano, unaungua. Harufu unayoisikia ni hiyo.

Jambo ambalo fundi wako huenda halifahamu ni kwamba klachi ya aina hii ikilika, plei haiongezeki, inapungua. Diski inavyokuwa nyembamba, presha pleti inasogea kuelekea flaiwili, lile gurudumu zito la injini, na vidole vyake vinasogea nyuma kuifuata beringi. Kwa hiyo klachi iliyolika inahitaji kulegezwa. Aliyeikaza aliondoa plei kidogo iliyokuwa imebaki. Alikuwa anatibu kukwaruza, akaleta kuteleza.

Kwa hiyo kazi ya kwanza, leo hii, ni kurudisha plei. Zima injini. Chomoa pini inayounganisha fimbo ya pedali na ule mkono mdogo ulio ubavuni mwa nyumba ya klachi. Ushike mkono huo kwa vidole viwili, uusogeze mbele na nyuma. Hapo utaisikia plei yenyewe, bila kuchanganywa na ulegevu wa matundu na pini za pedali: mkono unakwenda kidogo ukiwa mwepesi, kisha unagota mahali pagumu. Pagumu ni pale beringi inapogusa vidole. Usiposikia wepesi wowote, umeshampata mwizi. Rekebisha fimbo hadi wepesi huo urudi. Kwenye pedali utaonekana kama upana wa kidole kimoja au viwili. Kipimo kamili kimo kwenye kitabu cha modeli yako, na kama una kitabu kifuate.

Wakati pini iko nje, itazame. Kama imelika ikawa na kiuno, na tundu lake limekuwa refu badala ya duara, hapo kuna mwendo unaopotea kila unapokanyaga. Pini mpya na bushi mpya ni spea za bei ndogo kuliko chochote ndani ya trekta hiyo, na mara nyingi ndivyo vinavyomfanya mtu aamini klachi haikati.

Ukisharudisha plei, pima. Tafuta mahali pa wazi na tambarare, bila mtu mbele wala nyuma. Unganisha pedali mbili za breki kwa ile kufuli yake ili zikamate magurudumu yote mawili sawasawa. Weka gia ya juu, injini ikiwa mwendo wa kati, kanyaga breki kwa nguvu, kisha achia klachi. Klachi nzima itaizima injini palepale. Ikiwa injini inaendelea kuvuma huku magurudumu yamesimama, kanyaga klachi mara moja, usiendelee hata sekunde chache, kwa sababu unaunguza kilichobaki. Jibu umeshapata: diski imeisha, imeungua au ina oili, na trekta itabidi igawanywe.

Lakini kabla ya kuigawanya, lala chini ya nyumba ya klachi uangalie upande wa chini kabisa. Kuna tundu dogo lenye pini ya kupasuka ndani yake, limewekwa makusudi ili oili ikivuja itoke nje isijae ndani. Mafundi wengi huikuta imezibwa na tope, na wengine huiziba wenyewe wakidhani ni tundu la bolti iliyopotea. Isafishe, chezesha pini, kinga kopo usiku kucha. Oili nyeusi inayonuka moshi inatoka kwenye injini, kwenye sili ya nyuma ya krankishafti. Oili ya rangi ya asali au nyepesi inatoka kwenye giaboksi, kwenye sili za shafti ya kuingilia. Ukijua mapema ni ipi, utanunua sili sahihi kabla trekta haijafunguliwa, badala ya kuiacha imekaa vipande viwili huku mtu akitafuta spea Arusha.

Sasa kukwaruza, na hapa nitakaa kidogo, maana hili ndilo lililoanza na ndilo ambalo halijatibiwa.

Gia za 135 yako hazina sinkronaiza, kile kifaa cha kusawazisha kasi za gia kabla hazijashikana. Ni gia za kuteleza, jino linakwenda kutafuta jino. Ili ziingie kimya lazima shafti ya giaboksi isimame kabisa, na haisimami papo hapo unapokanyaga klachi. Inaendelea kuzunguka kwa kasi iliyobaki nayo sekunde kadhaa, hasa oili ikiwa ya moto na nyepesi. Kwa hiyo jaribu hivi: injini ikiwa mwendo wa chini kabisa, gia ikiwa huru, kanyaga klachi, hesabu polepole hadi tano, ndipo uweke rivasi. Ikiingia kimya, klachi yako inakata na tatizo ni haraka ya dereva. Ikikwaruza bado, klachi haikati.

Rudia jaribio mara mbili. Mara ya kwanza pedali iwe nusu, mara ya pili iwe chini kabisa. Kama ikiwa nusu inakwaruza na ikiwa chini inaingia, basi ama mwendo unapotea kwenye pini na matundu niliyokueleza, au shafti ya PTO, ambayo kwenye nusu pedali bado inazunguka, inaiburuta shafti ya giaboksi iliyo nayo mhimili mmoja. Yote mawili yanavumilika kwa muda. Kama hata pedali ikiwa chini inakwaruza, ugonjwa uko ndani.

Ndani ninashuku kutu, kwa sababu ya masika yale. Trekta ikikaa nje muda mrefu, unyevu unaingia nyumba ya klachi, flaiwili inapata kutu, diski inagandamana nayo. Inapowashwa inabanduka, lakini mara nyingi haibanduki vizuri: uso wa flaiwili unabaki na mabaka, na meno ya shafti ambayo diski inapaswa kutelezea juu yake yanakuwa makavu. Ukikanyaga pedali, presha pleti inarudi nyuma lakini diski inabaki imeng'ang'ania mahali pake, inaendelea kuburutwa. Wa pili ninayemshuku ni ile beringi ndogo iliyo katikati ya flaiwili, inayoshikilia ncha ya shafti. Maji yakiigandisha kwa kutu, shafti inazunguka na injini hata klachi ikiwa imekata. Unaweza kuigundua kwa sikio: inalia pedali ikiwa imekanyagwa na gia imeingia, trekta imesimama. Mlio unaokuja mara tu mguu unapogusa pedali, na kuzidi ukikanyaga, ni wa beringi ya rilizi. Na mlio unaosikika gia ikiwa huru na mguu ukiwa mbali na pedali, kisha unakufa ukikanyaga, huo ndio wa giaboksi, beringi ya shafti ya kuingilia. Mlio huo wa mwisho hujautaja popote kwenye barua yako.

Ubavuni mwa nyumba ya klachi kuna kifuniko kidogo. Toa waya wa betri kwanza, kisha kifungue, uzungushe injini kwa mkono taratibu ukimulika kwa tochi. Utaviona vidole vya presha pleti vikipita kimoja kimoja. Vinatakiwa viwe kimo kimoja. Kimoja kikiwa kimezama au kimelika kuliko wenzake, presha pleti inanyanyuka upande upande, na klachi ya namna hiyo inaweza kuteleza na kutokukata kwa wakati mmoja, jambo linalowachanganya wengi. Angalia pia vumbi ndani. Likiwa kavu na jeusi ni ufito ulioungua. Likiwa ugoro uliolowa, rudi kwenye habari ya sili.

Kagua na oili ya giaboksi. Kwenye 135 oili hiyo ni moja kwa giaboksi, difu na haidroliki, kwa hiyo maji yakiingia yanadhuru vyote, na pampu inaweza kuwa ya kwanza kulia. Ile mipira ya chini ya mikono ya gia ikipasuka, mvua inateremka moja kwa moja ndani. Trekta isipowashwa usiku mzima, legeza nati ya kumwagia oili asubuhi kabla ya kuitikisa: maji yatatangulia kutoka. Oili ikiwa imekuwa nyeupe kama maziwa, imwage yote, badilisha, na badilisha mipira hiyo. Chuma laini kama unga kwenye oili ya zamani kisikutishe. Vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole, vyenye kona, ni meno ya gia. Punje za rangi ya shaba ni bushi na washa. Usipokuta vipande, una hoja nzito ya kumjibu anayesema giaboksi imekufa.

Tunafika kwenye gia inayochomoka. Mpira wa tyubu wa marehemu mzee umenieleza kilicho muhimu. Ulifungwa kwenye mkono mfupi, ule wenye H (gia kubwa), S (kuwashia) na L (gia ndogo), wala haukufungwa kwenye mkono mrefu wa gia tatu na rivasi. Kwa hiyo zile gia tatu zinakaa. Kinachochomoka ni muunganiko wa gia kubwa na ndogo, ulio nyuma kabisa ya giaboksi pamoja na gia za sayari, zile ndogo zinazozunguka gia ya katikati. Ukishuka mteremko na tela, mzigo unausukuma muunganiko huo kinyume, meno yaliyolika na kuwa na mabega ya mviringo yanasukumana yenyewe hadi yanaachana.

Anza na kilicho karibu. Hakikisha mkono huo unapoingia H haugoti bati la sakafu au mkeka kabla meno hayajaingia hadi mwisho. Trekta zilizoungwaungwa huwa hivyo mara nyingi. Kisha kagua springi na gololi inayoshikilia reli ya mkono huo. Springi iliyochoka au kukatika haiwezi kushika hata meno yakiwa mapya. Kama hivyo ni vizima, basi muunganiko wenyewe, au uma unaousogeza, umelika na utabadilishwa. Jambo ambalo lazima ulijue kabla ya kupatana bei ni kwamba kazi hiyo inafunguliwa mahali tofauti na klachi. Klachi inafikiwa kwa kutenganisha injini na giaboksi. Gia za sayari zinafikiwa kwa kutenganisha giaboksi na nyumba ya nyuma. Ni migawanyo miwili, kazi mbili, na bei mbili. Fundi asiyekueleza hivyo mwanzoni atakueleza trekta ikiwa imeshafunguliwa.

Na mpaka muunganiko huo utengenezwe, trekta hiyo isishuke Rhotia na tela. Hapa nakusihi. Gia ikichomoka mzigo uko nyuma, injini haizuii tena chochote, na breki za trekta peke yake hazikutengenezwa kuzuia tela lililojaa kwenye mteremko mrefu. Mpira wa tyubu unaweza kukatika siku yoyote. Limeni nayo, lakini mahindi yasafirishwe kwa chombo kingine. Angalia pia kama dashibodi ina swichi ya Multi-Power, mfumo wa kubadili kasi bila kukanyaga klachi. Ikiwapo, ujue kwamba ikiwa upande wa chini trekta inajiachia mteremkoni hata ikiwa nzima kabisa. Ndivyo ilivyoundwa, na madereva wamepoteza maisha kwa kutolijua hilo.

Ikibidi kugawanya trekta kwa ajili ya klachi, yasimamie mambo haya wewe mwenyewe. Kabla injini haijatenganishwa, kabari za mbao ngumu zigongwe pande zote mbili kati ya ekseli ya mbele na sehemu inayoibeba. Ekseli hiyo inachezea katikati, na bila kabari injini inaweza kupinduka ubavu pale bolti ya mwisho inapotoka. Magurudumu ya nyuma yawekewe mawe, giaboksi ikae juu ya stendi au magogo mapana, isiachiwe jeki peke yake. Watu hupondwa miguu kwenye kazi hii.

Ikishafunguka, usibadilishe diski moja ukaacha nyingine. Weka diski zote mbili, beringi ya rilizi, beringi ya katikati ya flaiwili na sili zote, hata ile ambayo bado haijavuja. Gharama kubwa iko kwenye kufungua, na hutaki kufungua tena msimu ujao kwa ajili ya kipande cha mpira. Flaiwili ikiwa na mabaka au nyufa za joto ipelekwe kwa mtu wa lethi, ichongwe sawasawa. Meno ya shafti yasafishwe kutu kwa brashi ya waya, yapakwe grisi nyembamba sana. Ikizidi itarukia ufito. Diski mpya ina upande wa kuelekea flaiwili, na nyingi zimeandikwa. Ikigeuzwa, kitovu chake kinagusa mahali pasipotakiwa, na klachi mpya inakataa kukata siku ya kwanza, halafu lawama inarudi tena kwenye giaboksi. Vidole vipimwe kwa filagauji, vile vibati vya kupimia nafasi ndogo, hadi vilingane kabla ya kufunga. Kwa jicho haitoshi.

Baada ya hapo plei iwekwe upya, kwa kuushika ule mkono wa ubavuni kama nilivyokueleza. Ufito mpya unalika haraka kidogo mwanzoni unapojikalisha, na plei inapungua nao. Kwa hiyo pima tena jioni ya siku ya kwanza ya kulima, na tena mwisho wa wiki ya kwanza, na ukikuta imepungua, mwambie fundi alegeze, asikaze.